Kopo la Kushoto

Uwanja wa mazoezi ulikuwa nyuma ya banda la kuchomelea vyuma, Kibondo mjini, mahali ardhi inapoteremka kuelekea migombani. Nilihamishiwa wilaya hiyo mwaka 2012 nikitokea Muheza, nije kufundisha Kiswahili na Uraia, na chumba nilichopanga kilipakana na banda hilo. Jioni zangu za mwanzo nilizimaliza nikiwa nimekaa kizingitini na madaftari ya wanafunzi mapajani, kalamu nyekundu mkononi, nikiwatazama vijana wakinyanyua vyuma. Madaftari yalichelewa sana kurudi darasani miezi ile.

Mwenye banda alikuwa fundi, mtu wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Busunzu. Aliwahi kuishi Temeke, akafanya kazi katika gereji iliyokuwa jirani na klabu ya wanyanyua vyuma, na aliporudi kwao alirudi na mchezo huo kichwani bila kifaa hata kimoja. Basi akavitengeneza. Mtaimbo ulikuwa kipande cha ekseli ya lori. Uzito ulikuwa makopo ya bati ya mafuta ya kula, yale ya msaada, ambayo yalitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na kuishia kila nyumba ya mkoa ule: huku yanapimia karanga, kule yanachotea maji, kwingine yamepandwa vitunguu. Ya fundi yalijazwa zege, yakachomekwa kipande cha bomba katikati ili mtaimbo upite.

Uwanja wenyewe ulikuwa umeinama. Ukisimama kuutazama ukuta wa banda, na kila mnyanyuaji alisimama hivyo, upande wako wa kushoto ndio ulikuwa wa chini. Mtaimbo ulilazwa vilevile kila siku, kwa sababu fundi alikuwa amechimbia mawe manne ya kuuzuia usibingirike, mawili kila upande, na makopo yale yalikuwa yameshazoeana na mawe yake. Mtu akiinua, ncha ya kushoto ilitaka kwenda chini. Hakuna aliyeshangaa. Kila mtu alijua kwamba uwanja umeinama.

Kulikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote. Mwanzoni kabisa, bibi mmoja jirani alilalamika kwamba vijana wanapita mlangoni kwake wakikimbilia vyuma kama mbuzi, hawasalimu. Fundi aliona aibu. Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kugusa mtaimbo kabla hajamsalimia kila mtu mzima aliyepo, na hiyo ni salamu ya Buha hasa, ya Waha wa huku: unapiga makofi taratibu, unapinda magoti kidogo, unasema "mwidiwe", kisha unajibu maswali ya nyumbani, ya mashamba, ya mifugo na ya mvua, moja baada ya jingine, hadi mkubwa wako atakapomaliza. Salamu haikatizwi. Mimi ninayetoka pwani, ambako tunajidai mabingwa wa shikamoo, nilikuwa nikichoka kusikiliza tu. Wazee wa mtaa waliipenda sheria hiyo. Wakaanza kuja na vigoda vyao jioni, wakae pale wasalimiwe.

Mmoja wa wanyanyuaji alikuwa mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, binti pekee katika kundi. Kwao Busunzu, lakini alipanga chumba mjini pamoja na wenzake watatu ili awe karibu na shule. Darasani alikaa dawati la nyuma na hakujibu mpaka aitwe. Uwanjani alikuwa mtu mwingine. Aliinama juu ya mtaimbo, akauvuta hadi mabegani, akapumua, kisha akausukuma juu ya kichwa na kusimama wima, uso umetulia kama mtu aliyefungua dirisha. Nilimwuliza siku moja kwa nini anapenda.

"Madamu, pale juu hakuna mtu anayeniuliza kitu," alisema.

Mwezi wa tisa mwaka 2013 zilikuja habari kwamba mkufunzi wa mchezo huo atapita Kasulu kuwapima vijana wa wilaya za juu. Watakaomridhisha wataingia kambi ya timu ya mkoa. Fundi alichagua watatu: wavulana wawili na yule binti. Wavulana walipata ruhusa nyumbani siku hiyohiyo. Kwa binti ilibidi tumsubiri mama yake aje siku ya soko.

Alikuja na kapu la mihogo kichwani, akalitua mlangoni kwangu, tukasalimiana hadi mwisho.

"Mwalimu," alisema, "huyu mtoto anabeba vyuma ili iweje? Maji hayapo? Muhogo haupo?"

"Anataka kwenda kupimwa, mama."

"Anaumwa?"

"Kupimwa nguvu."

Alicheka mpaka akashika goti. "Nguvu zake nazijua mimi, nimelima naye. Wangeniuliza tu."

Kisha akanyamaza, akamwangalia bintiye aliyekuwa amesimama kando ya mlango akichezea ukucha. Nilikuwa nimeshamzoea mama yule kiasi cha kujua kwamba akinyamaza anaamua.

"Aende mara moja," alisema. "Wakimkubali, sawa. Wakimkataa, vyuma basi. Jioni asome kama wenzake. Na wewe mwalimu uende naye. Fundi ni mtoto wa kwetu, lakini ni mwanamume."

Binti aliitikia "ndiyo, mama" kwa sauti ndogo. Hakuwa na hofu ya safari. Alikuwa amesikia neno "basi".

Barabara ya Kibondo kwenda Kasulu wakati wa kiangazi ni vumbi jekundu tu. Ukishuka kwenye basi unafanana na tofali. Kwenye kizuizi kimoja askari aliingia kukagua vitambulisho, kama walivyozoea njia ile, akasimama mbele ya binti.

"Wewe Mrundi?"

"Hapana, afande. Mimi wa Busunzu."

"Busunzu gani, yenye mabega kama hayo?"

"Afande," fundi alidakia kutoka kiti cha nyuma, "hayo mabega ya Tanzania kabisa. Tunayapeleka Kasulu yakapimwe."

Basi zima lilicheka, askari naye akacheka, tukapita.

Upimaji ulifanyika katika bwalo la shule moja, meza zimesukumwa ukutani. Mkufunzi alikuwa mtu wa makamo, mnene wa shingo, mpole wa sauti. Alipofungua kinywa nilitambua lafudhi ya kwetu Tanga, na sikujizuia, nilimwuliza kwao. Ilikuwa Pangani. Alikuwa amekuja na gari dogo la mizigo, na humo mlikuwa na mtaimbo halisi, mrefu, unang'aa, na sahani za mpira zilizoandikwa uzito wake. Vijana wa Kibondo waliuzunguka kama watu wanaoangalia pikipiki mpya. Fundi aliupitishia kiganja mara mbili.

Nilitegemea kuona vijana wakiongezewa uzito mpaka waanguke. Sivyo alivyofanya. Kwanza aliwapaka chaki vidoleni, akawaambia waruke wauguse ukuta, akapima alama. Kisha akawapa kifaa cha kubana kwa kiganja, chenye mshale kama wa saa, mkono wa kulia, halafu wa kushoto. Kunyanyua kulikuja mwisho, na kulianza na uzito mdogo.

"Hawa bado wanakua," aliniambia, kwa kuwa nilikuwa nimekaa karibu na nikiuliza maswali mengi. "Mtoto hapimwi mpaka avunjike. Mimi naangalia anavyonyanyua, na anavyosimama chuma kikiwa juu. Nguvu zitakuja zenyewe."

Kwenye kile kifaa cha kubana ndipo kilipotokea kitu cha kwanza. Vijana wa Kasulu walibana zaidi kwa mkono wa kulia, kama watu wengi. Mvulana wetu wa kwanza akabana zaidi kwa kushoto. Wa pili, kushoto. Binti, kushoto, tena kwa mbali. Mkufunzi alikitikisa kifaa, akakijaribu kwa mkono wake mwenyewe, akakirudisha.

"Kibondo mna mashoto watupu?"

"Hapana," nilisema. Nilikuwa nimewasimamia mitihani wote watatu. "Wanaandika kwa kulia."

"Basi ajabu," alisema, akaendelea.

Binti alipoitwa kunyanyua, bwalo lilitulia, kwa sababu vijana wengi pale hawakuwahi kumwona msichana akinyanyua. Akavuta mtaimbo hadi mabegani bila shida. Akausukuma juu. Ncha ya kushoto ikapanda haraka kuliko ya kulia, mtaimbo ukaenda mshazari kama mzani wenye bidhaa upande mmoja, mwili wake ukafuata, akazunguka nusu na kuudondosha. Mlio wa sahani ulijaza bwalo.

"Kibondo!" kijana mmoja wa Kasulu alipiga kelele. "Mmezoea mkungu wa ndizi begani!"

"Muwekeeni mkungu wake, aende nyumbani!" mwingine akaongezea.

Wakacheka. Wavulana wetu nao, kila mmoja kwa zamu yake, mtaimbo ukawaendea mshazari, ila wao walikuwa na mikono mirefu na waliushikilia kwa tabu. Binti alijaribu tena, uzito uleule ambao Kibondo aliunyanyua akizungumza. Ukaenda kulekule. Akabaki amesimama juu yake akiutazama kama mbwa wa nyumbani aliyemng'ata.

Fundi hakuvumilia. "Chuma chako kimepinda!" alimwambia mkufunzi.

"Kaka, chuma changu ni kipya."

"Basi sakafu imeinama."

Mkufunzi hakubishana. Alichukua chupa yake ya maji iliyokuwa nusu, akailaza sakafuni katikati ya jukwaa la mbao. Maji yakatulia sawasawa. Fundi akaiangalia chupa ile kwa muda, akatoka nje.

Binti aliomba jaribio la tatu. Mkufunzi akakataa. "Utaumia bega, mwanangu. Wewe leo sikupimi."

"Umenikataa?" binti aliuliza.

"Sijakukataa. Nimesema sijakupima. Naenda Kakonko, nitarudi hapa shule zikikaribia kufunga. Kuna kitu si sawa, na si nguvu zako. Kitafuteni."

Basi la kurudi lilipita njia panda ya Nyarugusu. Hapo binti, aliyekuwa amekaa dirishani, akasema kama anajisemea:

"Madamu, chuma chao kilikuwa chepesi upande mmoja."

"Upande gani?"

"Wa kushoto."

Nilirudisha kichwa nyuma nikafikiri kuhusu uwanja ulioinama, na kuhusu wale wavulana wawili, na mshale wa kile kifaa. Nilikuwa karibu kufungua mdomo. Lakini fundi, kwenye kiti cha mbele yetu, alikuwa ameshageuka. Alitutazama sote wawili, kisha akageuka tena mbele na kuweka mikono yote miwili kichwani.

Kesho yake asubuhi alibeba makopo mawili makubwa kwa toroli hadi kwa mfanyabiashara mmoja wa sokoni, mzee mwenye kofia ya kufuma na ndugu wengi Ujiji, ambaye alikuwa na mizani ya kuning'iniza ya kununulia maharage. Mimi nilikwenda kwa sababu sikuweza kutokwenda.

"Fundi, siku hizi unauza zege kwa kilo?" mzee alimwuliza.

"Pima tu, mzee wangu."

Kopo la kulia likaning'inia, mshale ukasimama. Likashushwa. Kopo la kushoto likaning'inia, na mshale ukapita pale uliposimama mwanzo, ukaendelea, ukazidi kwa kilo tatu na ushee. Mzee akasogeza miwani.

"Hili lina mimba," alisema.

Fundi alicheka kwanza. Kisha akaeleza, akikwangua zege kwa ukucha. Alipokuwa akiyajaza makopo alikusanya nati na bolti chakavu za banda zima ili yawe mazito. Alianza na la kushoto, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu na mkono wake, akalijaza chuma vizuri, kwa raha. Alipofika la kulia chuma kilikuwa kimebaki kidogo, akamalizia na kokoto na mchanga. Kwa macho yalilingana. Na jozi za makopo madogo? Nazo alizitengeneza hivyohivyo.

"Miaka mitatu," alisema. "Miaka mitatu nimewafundisha watoto wa watu kubeba uwanja ulioinama. Na uwanja wenyewe, kumbe, haujainama kiasi hicho."

"Umewafundisha mkono wa kushoto," mzee alisema. "Sasa wafundishe wa kulia, maisha yaendelee. Maharage utanunua?"

Siku ya soko mama wa binti alikuja kuuliza majibu. Nilikuwa nimepanga maneno tangu usiku, lakini alinitangulia.

"Wamemkataa?"

"Hawajamkataa, mama. Hawakumpima."

"Sasa mlikwenda kufanya nini?"

Nikamweleza habari ya makopo. Alisikiliza akinitazama usoni, kisha akamtazama fundi, ambaye alikuwa amejitokeza nyuma yangu na nyundo mkononi, tayari ameshayavunja yote.

"Kwa hiyo kosa si la mtoto."

"Ni langu mimi, mama," alisema fundi.

Mama akatafuna neno hilo. "Nilisema aende mara moja," alisema hatimaye. "Lakini mtu akibisha hodi na wenye nyumba wasiitike, hajaingia, hajafukuzwa. Hawajajibu. Akabishe tena. Ya pili ndiyo ya mwisho."

Fundi alimwaga zege jipya, akachanganya chuma chote pamoja kwanza ndipo akagawa, na kila kopo lilipokauka lilipita kwenye mizani ya maharage. Aliyang'oa yale mawe manne. Akasawazisha uwanja kwa jembe, kazi ambayo, alisema, angeifanya tangu mwanzo lau asingekuwa na kisingizio.

Nilidhani mambo yamekwisha hapo. Kumbe mwili hausahau kwa kuvunjiwa makopo. Mtaimbo ulipokuwa sawa, vijana wote walilalamika kwamba unawaangukia kulia. Binti aliteseka kuliko wenzake kwa sababu alikuwa amejifunza vizuri kuliko wao. Fundi alimkataza uzito wowote kwa muda. Alimpa mpini wa jembe, akafunga chupa ya maji kila ncha, nusu, akamwambia ausimamishe juu ya kichwa na autembeze uwanja mzima huku sisi tukiangalia maji. Jioni baada ya jioni alitembea vile, mikono juu, polepole, na watoto wa mtaa wakimfuata nyuma wakiimba kwamba madamu wa maji anapita. Wazee kwenye vigoda walitoa hukumu.

"Kushoto kumepanda."

"Hakujapanda. Ni jicho lako limeshuka."

"Simama, binti. Haya, sasa sawa. Nenda."

Na kabla ya kuugusa ule mpini alikuwa amewasalimia wote, mmoja mmoja, hadi mwisho.

Tuliporudi Kasulu mvua zilikuwa zimeshika. Basi lilikwama matopeni mara moja, wanaume wakashuka kusukuma, binti akashuka nao, hakuna aliyemzuia. Bwalo lilikuwa lilelile, mkufunzi yuleyule, safari hii amekaa mezani na saa kubwa ya ukutani iliyoegemezwa mbele yake. Alisema kwamba leo watafuata utaratibu wa mashindano, kwa kuwa nao ni sehemu ya kipimo: majaribio matatu, na ukiitwa una dakika moja tu mtaimbo uwe umeondoka sakafuni. Dakika ikipita, jaribio limepotea. Kila umri ulikuwa na uzito wake wa kufikia. Wa binti ulikuwa mkubwa kidogo kuliko aliowahi kuunyanyua kwenye makopo mapya.

Kifaa cha kubana kilianza. Safari hii vijana wetu walipobana, kulia na kushoto, mshale ukasimama karibu mahali pamoja. Mkufunzi aliniangalia, akainua nyusi, nikamwambia nitamweleza baadaye. Nilimweleza wakati wa chai, na alicheka hadi akamwaga.

Jaribio la kwanza, kwa uzito mdogo, binti aliusimamisha wima kabisa. Kijana mmoja wa Kasulu, nadhani yule wa mkungu, alisema "duh" kwa heshima. La pili, uzito wenyewe, aliufikisha mabegani lakini akausukuma kabla hajapumua. Ukarudi mbele, akauachia. Haukwenda mshazari. Ulikuwa mzito tu. Akaja kukaa kando yangu, nikampangusa jasho shingoni kwa kanga yangu.

"Limebaki moja," nilisema, kama kwamba hajui.

"Mama alisema ya pili ndiyo ya mwisho," alijibu.

Wakati amepumzika, mlango wa bwalo ulifunguliwa na akaingia mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa michezo wa hapo Kasulu, aliyealikwa kushuhudia. Alikuwa na fimbo, koti lililolowa mvua mabegani, na kofia aliyoivua mlangoni. Wakampa kiti pembeni ya meza, karibu na jukwaa. Sikumtilia maanani. Ndipo binti akaitwa, na mkufunzi akaanza kuangalia saa.

Binti alipaka chaki, chaki za shule nilizomsagia mwenyewe, akapanda jukwaani, akamwona mzee. Nilimwona anamwona. Miguu yake ikasimama. Huyu alikuwa mtu mzima ambaye hajasalimiwa, na mtaimbo ulikuwa haujaguswa.

Fundi alikuwa pembeni yangu. "Asifanye," alinong'ona. "Mungu wangu, asifanye."

Alifanya. Alishuka jukwaani, akapiga makofi taratibu, akapinda magoti. "Mwidiwe," alisema. Na mzee, ambaye naye ni Mha wa kuzaliwa na amelelewa vizuri kama yeye, akaweka fimbo chini na kuanza kuitikia kikamilifu. Kwenu wapi? Busunzu. Wazee hawajambo? Hawajambo. Na baba? Mzima. Na wadogo zako? Mkufunzi aliangalia saa, akamwangalia mzee, akafungua mdomo, akaufunga. Alikuwa mtu wa Pangani. Alifundishwa na mama yake, kama mimi nilivyofundishwa na wangu, kwamba watu wakisalimiana unasubiri. Mshale wa saa haukufundishwa na mtu.

"Ng'ombe mnao?"

"Tunao wawili, babu."

"Na mvua huko Busunzu, imenyeshaje?"

Fundi alikuwa amejifunika uso kwa mikono. Mimi sikuweza kufunika wangu, kwa hiyo niliona. Binti, magoti bado yamepinda, viganja vimekutana, alinyanyua macho yake hadi kwa mzee, jambo ambalo hata darasani hakulifanya.

"Babu," alisema, "nakuomba ruhusa. La mvua nitakujibu nikirudi."

Mzee alishtuka kidogo. Akageuza shingo, akaiona saa, akauona mtaimbo. "Nenda, mwanangu," alisema. "Nenda. Mvua ipo."

Alipanda jukwaani kwa hatua ndefu, akainama, akashika, na mtaimbo ukaondoka sakafuni wakati mkufunzi ameshainua mkono kusema muda. Mkono ukabaki hewani. Mabegani. Safari hii alipumua. Niliona mbavu zikijaa na kurudi. Kisha juu. Mikono ilitetemeka, yote miwili kwa pamoja, kulia sawa na kushoto, na mtaimbo ukatulia juu ya kichwa chake ukiwa umenyooka kama mstari wa daftari. Akasimama. Mkufunzi alichelewa kumpa ishara ya kushusha, nadhani alisahau.

Aliporuhusiwa aliuachia, ukaruka mara mbili na kutulia. Vijana wa Kasulu walipiga meza kwa viganja. Fundi alikuwa ameshatoka nje kwenye mvua bila koti. Mkufunzi alikuwa anamwita binti mezani ampe majibu, akimwita kwa furaha, mara ya kwanza, mara ya pili.

Hakwenda mezani. Alishuka jukwaani huku akihema, chaki hadi viwikoni, akarudi palepale mbele ya kiti cha mzee. Akapinda magoti kwa taabu, akakutanisha viganja.

"Mvua imenyesha vizuri, babu," alisema. "Tumeshapanda maharage. Na huku kwenu?"

Mzee alivuta pumzi ndefu, akaiegemeza fimbo vizuri kwenye goti, akaanza kumweleza habari za mashamba ya Kasulu. Mkufunzi aliweka kalamu mezani, akafumbata mikono, na akasubiri zamu yake.